Simu ya zamani imekuwa nzito? Anza na hifadhi, RAM iache kwanza

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu. Simu ninazokusudia kuzizungumzia ni zile za Android zilizonunuliwa miaka sita, saba au minane iliyopita, zenye RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazofanya kazi) ya GB 1 hadi 3 na hifadhi ya ndani (panapokaa programu, picha na faili) ya GB 16 au 32, ambazo bado ziko mikononi mwa wazazi wetu, mawakala wa fedha, madereva wa bodaboda na wanafunzi. Dalili zake mnazijua. Simu inaita, kioo kinabaki cheusi, na kitufe cha kupokelea kinajitokeza wakati mpigaji ameshakata. Ukiandika ujumbe, herufi zinachelewa kisha zinamiminika zote kwa pamoja. Mwenye simu huambiwa kwamba RAM imemwishia, anapakua programu ya kusafisha RAM, na haupiti muda simu inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Hoja yangu ni kwamba katika simu za aina hiyo tatizo la kwanza, karibu kila mara, ni hifadhi ya ndani iliyojaa, na kwamba juhudi tunazozimalizia kwenye RAM zikielekezwa huko zingetosha kabisa kuirudisha simu katika hali ya kuridhisha.

Kabla ya kufuta chochote, ni vyema kutenganisha uzito wa simu na uzito wa mtandao, kwa sababu simu nyingi hulaumiwa kwa makosa ya mnara. Washa hali ya ndegeni, kisha fungua kamera, orodha ya majina na picha za zamani. Vikifunguka bila kusuasua, simu haina kosa, na unachotakiwa kukichunguza ni bando, laini au eneo ulipo. Vikichelewa hata bila mtandao, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, uangalie nafasi iliyobaki. Kwenye simu ya GB 16, mfumo wenyewe pamoja na programu zilizokuja nao huchukua sehemu kubwa mno, kwa hiyo anayekuta amebakiwa na MB 400 asishangae. Mimi huona simu inaanza kupumua nafasi tupu inapofikia walau sehemu moja ya tano ya hifadhi yote. Chini ya hapo, mbinu nyingine zozote mtakazosomewa mitandaoni hazitafua dafu.

Sababu ya kusisitiza nafasi iko ndani ya chipu yenyewe. Simu za bei ya chini hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo husoma na kuandika kwa zamu, tofauti na aina mpya zaidi ya UFS iliyoingia kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, ambayo inaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, chipu hizi haziwezi kuandika juu ya data ya zamani; ni lazima eneo zima lifutwe kwanza ndipo liandikwe upya. Nafasi ikiwa tele, yapo maeneo matupu yaliyokwisha kuandaliwa, na kazi inakwenda haraka. Nafasi ikibana, chipu inalazimika kuhamisha vipande vya data huku na huku ili ipate eneo la kufuta, na muda wote huo programu iliyoomba kuandika inasubiri. Kwa kuwa kila ujumbe wa WhatsApp, kila SMS na kila simu uliyopiga lazima viandikwe kwenye hifadhi, kusubiri huko ndiko sisi tunakoona kama simu kuganda.

Mfano unaojulikana sana ni kishikwambi cha Nexus 7 cha mwaka 2012, ambacho kilisifiwa kwa wepesi kikiwa kipya na kulalamikiwa mno kilipoanza kujaa. Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, iliongeza utaratibu wa kuiarifu chipu maeneo ambayo hayana tena faili, ili iweze kuyafuta mapema. Kazi hiyo hufanyika kifaa kikiwa kimetulia na kina chaji ya kutosha, na kwa wengi huo ni wakati wa usiku. Kuanzia Android 7 ya mwaka 2016, kazi ya kutayarisha programu ili zifunguke haraka nayo ilipangiwa wakati kama huo, simu ikiwa imetulia na iko kwenye chaji. Kwa hiyo mtu anayezima simu kila usiku kwa nia njema ya kuipumzisha anaikosesha nafasi ya kujifanyia usafi. Iacheni ikiwa imewashwa kwenye chaji walau baadhi ya usiku, hasa baada ya kufuta vitu vingi au kusasisha programu.

Sasa tuje kwenye WhatsApp, ambako ndiko uliko mzigo wenyewe. Mtu mmoja huwa na kundi la ukoo, la harusi inayokuja, la msiba uliokwisha tangu mwaka jana, la jumuiya, la shule ya mtoto na la kikoba, na kila kundi linamwaga video za mahubiri, vichekesho na kadi za kutakiana asubuhi njema. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Hapo mtaonyeshwa faili zinazozidi MB 5, faili zilizosambazwa mara nyingi, halafu mazungumzo yote yakiwa yamepangwa kuanzia lenye uzito mkubwa. Anzeni juu mkishuka. Mkimaliza, zimeni upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka, kwa sababu msipofanya hivyo mtarudi palepale kabla ya mwisho wa mwezi.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalioni, kwa kuwa halionekani ndani ya WhatsApp yenyewe. Kila usiku saa nane, programu hiyo hutengeneza nakala ya mazungumzo yako ndani ya simu, na huweka nakala za hadi siku saba zilizopita. Fungua kidhibiti faili, ufuate folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, na mwisho Databases. Katika simu za zamani zaidi, folda ya WhatsApp hukaa wazi kwenye hifadhi ya ndani bila mzunguko huo. Utakuta faili ambazo majina yake yanaanza na msgstore, nyingi zikiwa na tarehe. Kwa mwenye mazungumzo ya miaka mingi, faili moja inaweza kufikia mamia ya MB, na zikiwa saba zinakula GB kadhaa bila wewe kujua. Iache ile isiyo na tarehe, kwa kuwa ndiyo ya karibuni zaidi, ufute zile za siku za nyuma. Jirani yake, ndani ya folda ya Media, zimo folda ndogo zinazoitwa Sent, ambamo picha na video ulizotuma huachwa kama nakala ya pili, ilhali zile za kamera bado unazo.

Programu nyingine hazihitaji maneno mengi. Facebook ya kawaida iondoeni, mweke Facebook Lite, ambayo tangu ilipotoka mwaka 2015 ililengwa kwa simu dhaifu na mitandao hafifu. Anayetumia programu ya kampuni ya simu kwa ajili ya kutuma fedha tu anaweza kuifuta na kurudi kwenye menyu ya *150*00# au ile ya mtandao wake, ambayo haichukui nafasi yoyote. Zile zilizokuja na simu na ambazo hazifutiki, ondoeni kwanza masasisho yake, kisha mzilemaze. Masasisho hayo ndiyo yanayokaa kwenye sehemu yenu ya hifadhi. Picha za ukutani zinazocheza nazo ziondoke. Kuhusu kufuta kache (data ya muda ambayo programu hujiwekea ili zifunguke haraka), ni msaada wa dharura tu, kwani kache hujijaza upya, na anayeifuta kila siku anaifanya simu ianze upya kazi iliyokuwa imekwisha kufanyika.

Jambo la mwisho ni la kuongeza wepesi wa macho. Kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba, na chaguo za wasanidi zitafunguka. Shuka hadi kwenye vipimo vitatu vya uhuishaji, uvishushe kutoka 1 hadi 0.5. Prosesa, yaani ubongo wa simu, haiongezeki nguvu hata chembe. Unachopunguza ni muda wa madoido ya kufungua na kufunga madirisha. Hata hivyo, huwa ninawawekea wazee bila kuwaambia, na wao husema simu imepona.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa maelezo. Mimi ninatumia programu ya kuongeza kasi, na kila nikiibonyeza inaniambia imeachilia MB 600 za RAM. Nikienda kwenye mipangilio, namba hizo ninaziona kwa macho yangu. Je, unataka kusema kwamba inanidanganya?

Mwanzisha uzi

Mkuu, namba hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa, lakini hazikusaidii. Android huziacha programu ulizotoka kuzitumia ndani ya RAM kwa makusudi, ili ukizirudia zifunguke papo hapo, na nafasi ikihitajika inazitoa yenyewe, ikianza na zile ambazo haziko mbele yako. Unapozifunga zote kwa mkupuo, WhatsApp na nyinginezo zinazotakiwa kupokea ujumbe huamka tena baada ya muda mfupi, na kila inayoamka inasomwa upya kutoka kwenye ileile hifadhi iliyojaa ambayo ndiyo chanzo cha uzito. Umelipa mara mbili, kwa kasi na kwa chaji. Juu ya hapo, programu yenyewe ya kusafisha inakaa ndani ya RAM saa zote ikisubiri kukuonyesha matangazo.

Biashara hiyo ya matangazo ndiyo iliyozifanya nyingi zishamiri. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwenye duka lake kwa sababu ya matangazo yanayomkera mtumiaji, na miongoni mwa waliokumbwa ni kampuni ya Cheetah Mobile, watengenezaji wa Clean Master, ambayo wakati mmoja ilikuwa karibu kila simu inayo.

Sikatai kwamba RAM ndogo ipo. Simu ya GB 1 itabaki kuwa simu ya GB 1, na ndiyo maana mwaka 2017 Google ilitangaza Android Go, toleo lililopunguzwa uzito kwa ajili ya simu za kiwango hicho. Dawa yake ni kuwa na programu chache zinazofanya kazi chinichini, kwa hiyo futa usizozitumia badala ya kuzifungafunga kila saa.

Mchangiaji wa pili

Kaka, nami nina dukuduku linalohusiana na hilo. Niliuziwa simu nikiambiwa ina RAM ya GB 8. Nilipofungua mipangilio nikakuta imeandikwa 4 + 4, na hifadhi niliyo nayo ni GB 64 ambayo sasa imejaa. Hizo nne za pili ni nini?

Mwanzisha uzi

Hizo nne za pili ni kipande cha hifadhi yako kilichokopwa na kupewa jina la RAM. Mfumo ukibanwa, huhamishia humo data ya programu zilizolala. Kwa kuwa hifadhi iko mbali sana na RAM kwa kasi, faida yake ni ndogo, na kwenye eMMC iliyojaa inaweza kugeuka hasara, kwani unaiongezea uandishi chipu ambayo tayari imelemewa na ambayo kila eneo lake lina kikomo cha idadi ya kufutwa na kuandikwa. Ushauri wangu kwako ni kuzima kipengele hicho kwenye mipangilio na kuiwasha simu upya. Utarudishiwa GB 4 za hifadhi palepale, na kwa hali uliyoieleza nafasi hiyo ina thamani kubwa kuliko maandishi ya kwenye boksi. Wauzaji wanaojumlisha namba hizo mbili bila kumfafanulia mteja wanastahili kuulizwa maswali magumu dukani.

Mchangiaji wa tatu

Habari zenu. Mimi ni fundi simu, na ningependa kuongeza mambo ambayo mwanzisha uzi hakuyagusa, kwa kuwa huyaona mezani.

La kwanza ni betri. Betri ya lithiamu inapozeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka, na prosesa inapoomba nguvu nyingi kwa ghafla, volteji hushuka. Simu ya namna hiyo huzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30, na baadhi zimepangwa kupunguza kasi ya prosesa ili zisizime. Wenye iPhone watakumbuka kwamba Disemba 2017 Apple ilikiri kuwa toleo la iOS 10.2.1, lililotoka Januari mwaka huo, lilikuwa likifanya hivyo kwenye iPhone 6, 6s na SE zenye betri chakavu. Mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 mamlaka za Ufaransa zikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Kwa mwenye iPhone ya zamani, kabla hajafuta chochote, aangalie afya ya betri kwenye mipangilio. Na kwa simu yoyote ile, ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka au kioo kimeachia pembeni, hiyo betri imevimba; acha kuichaji na uipeleke kwa fundi.

La pili ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani juani akitumia ramani, au mtu anayecheza gemu simu ikiwa kwenye chaji na ndani ya kava nene la mpira, asitafute tatizo kwenye programu.

La tatu ni memori kadi. Watu huhamishia programu kwenye kadi ili kupata nafasi, jambo ambalo ni sahihi kwa picha na nyimbo lakini ni balaa kwa programu kama kadi ni ya polepole. Kadi bandia zinazouzwa kwa bei ya kutupa husomeka GB 64 ilhali ndani ni GB 8; faili zinazozidi hapo zinaonekana zimehifadhiwa, lakini ukizifungua hazifunguki. Mara kadhaa nimeletewa simu inayoganda kila baada ya dakika chache, nikachomoa kadi, na kazi ikaishia hapo.

Mchangiaji wa nne

Kaka zangu, shikamooni. Simu ya mama yangu ina matangazo yanayojitokeza hata akiwa hajafungua kitu, na imekuwa nzito mno. Nimeshauriwa niirejeshe kwenye mipangilio ya kiwandani. Je, nifanye hivyo?

Mwanzisha uzi

Marahaba, dada. Kwanza jaribu hali salama, ambayo katika simu nyingi hupatikana kwa kushikilia kwa muda kitufe cha kuzima kinachotokea kwenye kioo. Humo simu huendesha programu za mfumo pekee. Ikiwa matangazo yamekoma na simu imekuwa nyepesi, msababishi ni programu iliyopakuliwa. Toka humo, ufute zile zilizowekwa karibuni, hasa za tochi, za kusafisha na za kubadilisha maandishi, na zile zilizotumwa kama faili la APK (faili la kusakinishia programu) kupitia WhatsApp.

Ukilazimika kurejesha mipangilio ya kiwandani, kuna jambo moja ambalo lazima ulimalize kabla. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zina ulinzi unaodai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kufutwa ikiwa zimefutwa bila kuiondoa akaunti hiyo. Wazazi wetu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku ya kununua simu, kwa jina na nywila ambazo hazikuandikwa popote. Simu ikishafutwa, inakuuliza nywila ambayo hakuna anayeijua, na ndipo safari ya kwa fundi inapoanza. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti sasa, simu ikiwa bado iko wazi, ubadilishe nywila na uweke namba ya simu ya mama kwa ajili ya kuirejesha. Akaunti hiyohiyo ndiyo inayobeba nakala ya WhatsApp mtandaoni, na tangu mwaka 2024 nakala hiyo huhesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, hivyo hakikisha nafasi ipo na nakala imekamilika. Majina ya simu yahamishie kwenye akaunti, na picha zinakilie kwenye kompyuta.

Ukimaliza, usikubali simu irudishe programu zote za zamani kwa mkupuo, kwa sababu utakuwa umemrudisha mgeni yuleyule uliyetoka kumfukuza. Weka moja moja, zile ambazo mama anazitumia. Ikiwa matangazo yatarudi hata kabla hujaweka kitu, basi uchafu uko kwenye mfumo wenyewe. Programu hasidi ya xHelper, ambayo kampuni ya usalama wa kompyuta ya Symantec ilieleza Oktoba 2019 kuwa imeingia kwenye simu takribani 45,000, ilipata sifa mbaya kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa, na kwa hali kama hiyo dawa ni kuflashi, yaani kuweka upya mfumo mzima, kwa programu halisi ya mtengenezaji.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimeifuta ile programu ya kuongeza kasi na nakala za msgstore, nimepata zaidi ya GB 2. Swali langu la mwisho ni kuhusu simu nyingine niliyo nayo ya Android 4.4. Nayo inaweza kufufuliwa?

Mwanzisha uzi

Kwa matumizi ya mitandao, hapana. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuunga mkono matoleo yaliyo chini ya Android 5.0, na hata ukiisafisha vipi haitaipokea. Betri yake ikiwa nzima, iweke laini ya pili, uitumie kwa kupiga simu, redio na kugawa intaneti kwa ile nyingine. Kwa kazi hizo bado ina miaka mbele yake.